Graeme Obree: sheria zilimnyang'anya mkao, ugonjwa ulikuwepo kabla yake

Dada mmoja anayeishi Glasgow ametuandikia: "Mwanangu ana miaka 14 na anafanya mazoezi ya baiskeli kwenye velodromu, ule uwanja wa mbio za baiskeli. Siku hizi haachi kumtaja Graeme Obree, ati Mskoti aliyetengeneza baiskeli kwa vyuma vya mashine ya kufulia akavunja rekodi ya dunia, kisha wakubwa wa mchezo wakamfungia akachanganyikiwa. Sasa ameanza kuiangalia mashine yetu kwa jicho baya. Kuna ukweli gani? Kwa nini walimfungia? Na je, ni mchezo wenyewe uliomharibu? Nisije nikawa ninamlipia mwanangu ada ya kumpeleka huko huko."

Dada, nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalokusumbua. Mchezo haukumpa Obree ugonjwa. Mwenyewe ameeleza hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba mawazo ya kujiua yalimjia tangu ujana, kabla dunia haijamjua. Madaktari walimkuta na baipola, ugonjwa unaompandisha mtu juu kupita kiasi kisha kumtupa kwenye sonona nzito. Kilichofanywa na mchezo ni kuuficha. Mtu anayepanda baiskeli mpaka anatapika, halali, na kichwa chake hakitulii, uwanjani huitwa mpambanaji. Kingine kilichofanywa na mchezo ni kumwondolea, mara moja baada ya nyingine, kile alichokuwa amekitegemea kama ushahidi kwamba yeye ana thamani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wanaosimulia habari zake huyachanganya likawa moja: fundi maskini aliyesagwa na vigogo. Ni hadithi tamu, ila haitamsaidia mwanao.

Tuje kwenye chuma, maana huko ndiko kijana alikokwama.

Obree alizaliwa mwaka 1965 Nuneaton, Uingereza, akakulia Ayrshire, Uskoti, si mbali na hapo ulipo. Alikuwa na duka la baiskeli likafa, akabaki na madeni. Akaamua kuifukuza rekodi ya saa moja: unapewa uwanja, unapewa saa, na mwisho wa dakika 60 wanahesabu umekwenda umbali gani. Hakuna mpinzani, hakuna wa kujificha nyuma yake upepo usikupige. Wakati huo rekodi ilikuwa ya Mwitaliano Francesco Moser, kilomita 51.151, aliyoiweka Januari 1984 Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi na haimzuii mtu sana. Ilikuwa imesimama miaka tisa.

Baiskeli aliyoiunda aliiita Old Faithful. Ndiyo, beringi za mahali inapopita ekseli ya pedali alizitoa kwenye mashine ya kufulia. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kitu kinachostahimili kuzungushwa mara 1,200 kwa dakika hakiwezi kuwa kibovu. Lakini mwambie kijana kwamba hicho ndicho kipande kilichochangia kidogo kuliko vyote. Mpanda baiskeli wa saa moja huzungusha pedali mara 90 na kitu hivi kwa dakika, na tofauti ya msuguano kati ya beringi nzuri na beringi nzuri zaidi hapo ni ndogo mno, huenda isifike hata wati moja. Obree mwenyewe amejutia kulitaja jambo hilo, kwa sababu waandishi waliling'ang'ania wakasahau mengine yote.

Mengine yote ndiyo haya. Alitaka miguu ikaribiane, kwa hiyo akafupisha upana wa mahali pa ekseli ya pedali kuliko wa baiskeli ya kawaida. Ukifanya hivyo, krenki, yaani vyuma vinavyoshika pedali, zinagonga mabomba ya fremu yanayokwenda gurudumu la nyuma, basi akayapitisha mahali pengine badala ya kuyalaza. Magoti nayo, yakikaribiana, yanagonga bomba la juu, basi akaliondoa bomba la juu. Foki ya mbele akaiacha na mguu mmoja tu ili iwe nyembamba. Usukani ukawa kipande kifupi kilichonyooka, karibu sana na kifua. Anainama, anakunja mikono mpaka inaingia chini ya mbavu, viwiko vimebana ubavuni, kifua kinalalia mikono, mfano wa mtu anayeteleza kwenye theluji mlimani. Kila badiliko lilizaliwa na la kabla yake, na shina lao ni moja: mwili uwe mdogo mbele ya upepo.

Kwa nini hilo lina uzito kuliko beringi? Fuata hesabu pamoja na mwanao, ni fizikia ya sekondari. Nguvu ya kushinda hewa ni nusu ya uzito wa hewa, mara eneo linalopambana na upepo (likiwa limekwisha zidishwa na kipimo cha umbo), mara mwendo kasi kwa kipeo cha tatu. Hewa ya usawa wa bahari ni takriban kilo 1.2 kwa mita moja ya ujazo. Mwendo wa kilomita 51.6 kwa saa ni mita 14.33 kwa sekunde, na kipeo chake cha tatu ni kama 2,940. Mtu aliyeshika usukani wa kawaida wa pembe, eneo lake tulikadirie mita za mraba 0.24: anahitaji wati 420 au zaidi kidogo kwa hewa peke yake. Akishuka mpaka 0.20 anahitaji kama 350. Akifika 0.17 anahitaji 300. Juu yake ongeza wati 25 hadi 30 za matairi na cheni. Kati ya wati 420 na 300 kwa saa nzima kuna pengo ambalo mazoezi ya maisha yote hayawezi kulijaza. Obree hakuwa na mapafu ya malaika. Alikuwa na umbo dogo mbele ya upepo na miguu mizuri ya kutosha kulisukuma.

Mkao ule ulikuwa na gharama. Kuondoka ni kazi, kwa sababu baiskeli ya velodromu haina gia za kubadili. Chukua meno 52 mbele na 12 nyuma: kila mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita 9.1. Kuisukuma gia hiyo kutoka kusimama unahitaji kuvuta usukani kwa nguvu, na usukani mwembamba uliobanwa kifuani hauvutiki. Baiskeli inayumba mpaka ipate mwendo. Haina breki pia, na pedali haziachii: gurudumu likizunguka, miguu inazunguka. Ukiacha ghafla kupiga pedali ukiwa kwenye kasi hiyo, baiskeli inakurusha.

Kisha kuna kona. Velodromu ya mita 250 imeinamishwa kwa nyuzi arobaini na kitu kwenye kona, na kwa mwendo ule uzito wa mwili unaongezeka kama theluthi moja kila unapoingia. Kwa mizunguko 206 hilo linatokea zaidi ya mara 400. Shingo ndiyo inayolalamika kwanza, halafu mahali unapokalia, kwa sababu huwezi kunyanyuka bila kuharibu umbo. Na kuna mstari mweusi ulio chini ya njia, ambao ndio kipimo cha mzunguko. Mpanda akichoka huanza kupanda juu ya mstari bila kujua. Akiwa sentimita 20 juu yake kwenye mwinamo, anaongeza karibu sentimita 90 kila mzunguko, na hizo hahesabiwi. Zidisha kwa 206: amepoteza karibu mita 190. Rekodi huweza kupotea kwa chini ya hapo. Ukitaka kujua kama mtu ana saa moja ndani yake, mtazame gurudumu lake la mbele dakika ya 45, uso wake uuache.

Tarehe 16 Julai 1993, Hamar, Norway, Obree alijaribu akashindwa. Alikuwa amepanda nakala ya Old Faithful iliyoundwa kitaalamu zaidi. Uwanja ulikuwa bado umekodiwa, akasema atarudia kesho yake asubuhi. Anayejua hali ya miguu baada ya saa moja ya namna hiyo ataelewa kwa nini hakuna mtu mwenye akili timamu aliyemshauri. Misuli inakaza usiku. Dawa yake ilikuwa kunywa maji mengi makusudi, ili haja ndogo imwamshe kila baada ya muda, na kila akiamka anyooshe miguu. Asubuhi ya tarehe 17 akapanda Old Faithful yenyewe na kwenda kilomita 51.596. Alimpita Moser kwa mita 445.

Rekodi ilidumu siku sita. Tarehe 23 Julai Mwingereza Chris Boardman, bingwa wa Olimpiki wa 1992, alikwenda kilomita 52.270 Bordeaux. Mwezi uliofuata, tena Hamar, Obree alimtoa Boardman katika nusu fainali ya ubingwa wa dunia wa kufukuzana mita 4,000, ambako wapanda wawili huanzia pande mbili za uwanja zinazotazamana, akachukua medali ya dhahabu. Aprili 1994 akarudi Bordeaux akaichukua rekodi tena: 52.713.

Sasa marufuku. Januari 1994 Moser, akiwa na miaka 42, alikwenda Mexico City akaukopa mkao wa Obree, akafanya kilomita 51.840. Fikiria maana yake machoni pa UCI, chama kinachosimamia mchezo duniani: mtu aliyekwisha zeeka kimichezo anaizidi rekodi yake ya ujanani kwa karibu mita 700. Kwao hiyo ilikuwa dalili kwamba umbo la baiskeli limeanza kushinda mashindano badala ya mwanadamu. Kulikuwa na hoja ya usalama pia, nayo si ya uongo: mikono iliyofungiwa chini ya kifua haiwezi kuokoa baiskeli inayoyumba. Agosti 1994, kwenye mashindano ya dunia Palermo, Italia, Obree aliambiwa muda mfupi tu kabla ya mbio zake kwamba mkao wake hauruhusiwi. Akapanda vile vile. Waamuzi wakamwondoa.

Hapa nina maoni yangu. Kuzuia mkao ni haki ya chama. Kila mchezo una mipaka ya vifaa, vinginevyo tungeishia na mashindano ya wahandisi. Lakini kumwambia mtu mlangoni mwa uwanja, wakati amejiandaa mwaka mzima, ni udhalilishaji. Sheria ya vifaa inapaswa kutangazwa kabla ya msimu na kuanza siku inayojulikana. Hilo lingeweza kufanyika bila mtu yeyote kuumia.

Akabuni mwingine. Safari hii akanyoosha mikono yote mbele kama mtu anayeruka angani, na mkao ukaitwa Superman. Mwaka 1995 akawa bingwa wa dunia tena, Bogotá. Mwaka 1996 wengine wakauiga: Boardman akautumia Manchester kufanya kilomita 56.375 kwa saa moja, na kufukuzana mita 4,000 kwa dakika 4 na sekunde 11.114, muda uliokaa mpaka 2011. Baada ya msimu huo UCI ikaupiga marufuku nao pia. Mwaka 2000 ikaenda mbali zaidi: rekodi zote za saa zilizowekwa kwa baiskeli maalumu baada ya ile ya Eddy Merckx ya 1972 zikaondolewa kwenye orodha rasmi na kuwekwa kundi la pembeni. Aliyetaka rekodi rasmi alilazimika kupanda baiskeli ya mabomba ya duara, magurudumu ya spoki na usukani wa pembe kama wa Merckx. Boardman akaichukua baiskeli hiyo Oktoba 2000 akafanya kilomita 49.441, mita 10 tu zaidi ya Merckx. Ni kweli alikuwa mwishoni mwa safari yake na mifupa yake ilikuwa imedhoofika kwa ugonjwa, lakini weka 56.375 kando ya 49.441 uone mkao na chombo vinachukua kiasi gani.

Mwaka 2014 UCI ililegeza tena, ikaruhusu baiskeli za kisasa za kufukuzana. Filippo Ganna wa Italia alipofanya kilomita 56.792 huko Grenchen, Uswisi, Oktoba 2022, ndipo hatimaye mtu alipoipita ile ya Boardman ya 1996.

Kwa hiyo Obree aliondolewa mkao mara mbili, na rekodi zake zikashushwa daraja baadaye. Katikati ya hayo, mwaka 1994 kaka yake alifariki kwa ajali ya gari. Alisajiliwa na timu moja ya Ufaransa ya mbio za barabarani, hakukaa. Amesema aliona wazi kwamba angetakiwa kutumia dawa, akakataa. Fedha nazo hazikuwepo kama watu wanavyodhani. Mpanda velodromu hana mshahara wa yule wa barabarani. Wengi huishi kwa ruzuku ya chama cha taifa, au kwa mikataba ya mbio za siku sita kule Ubelgiji na Ujerumani ambako mwenye uwanja ndiye anayekuita au anaacha kukuita. Rekodi ya dunia inaleta mialiko ya miezi michache, basi.

Mwaka 2001 Obree alijaribu kujiua. Aliokolewa, akatibiwa. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba anavutiwa na wanaume, na kwamba kukulia katika mazingira ambamo hilo halikuweza hata kutamkwa kulikuwa sehemu ya mateso ya ujana wake. Pia ameeleza jinsi alivyoonewa na watoto wenzake shuleni, na jinsi baiskeli ilivyokuwa njia ya kuwakimbia. Ukiyaweka haya kwa mpangilio wa miaka, utaona mwenyewe kwamba Palermo ilimkuta tayari ana mzigo.

Sasa kuhusu mwanao. Sitakudanganya kwamba mchezo huu hauna vifo vya namna hiyo. Novemba 2006, kwenye mbio za siku sita za Ghent, Mhispania Isaac Gálvez alifariki baada ya kugongana na Mbelgiji Dimitri De Fauw na kugonga ukingo. De Fauw hakuwa na kosa, lakini aliandamwa na sonona, akajiua Novemba 2009. Mmarekani Kelly Catlin, aliyepata medali ya fedha Rio 2016, alijiua Machi 2019 akiwa na miaka 23, miezi michache baada ya kuanguka na kupata mtikisiko wa ubongo. Wazazi wake wamesema wazi kwamba baada ya hapo binti yao hakuwa yule yule.

Nimemtaja Catlin kwa sababu mtikisiko wa ubongo ndiyo hatari ambayo mzazi anaweza kuishughulikia moja kwa moja. Mtoto akianguka na kugonga kichwa, hata kama hakuzimia, harudi uwanjani siku hiyo. Kuzimia si lazima; wengi wenye mtikisiko hawazimii. Tazama kichwa kuuma, kuchukia mwanga, kizunguzungu, kujibu polepole, usingizi uliobadilika, na hasira au machozi yasiyo na sababu, ambayo mara nyingi huja siku mbili tatu baadaye. Saa 24 hadi 48 za kwanza apumzike, simu na michezo ya kompyuta vipungue. Kisha arudi kwa hatua: shule kwanza, mazoezi mepesi baadaye. Mwongozo wa Uingereza kwa michezo isiyo ya kulipwa unataka asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, na hizo ni iwapo dalili zimekwisha. Kutapika mara kwa mara, kuchanganyikiwa kunakozidi, degedege au mguu kukosa nguvu ni kupiga 999. Helmeti iliyogonga chini inatupwa hata kama haina ufa, maana povu la ndani hubonyea mara moja tu.

Kuhusu akili, shida ya velodromu ni kwamba dalili zinafanana na mazoezi. Kijana aliyejichosha kupita kiasi hulala vibaya, hukosa hamu ya kula, hukasirika, na miguu haina kitu. Mwenye sonona ni vivyo hivyo. Namna ya kuzitenganisha ni kumpumzisha wiki moja hadi mbili kamili. Uchovu wa mazoezi huanza kuondoka na hamu ya baiskeli inarudi yenyewe. Sonona hubaki, na kinachoonekana wazi zaidi ni kwamba hafurahii hata vile visivyohusu baiskeli: marafiki, chakula anachokipenda, mpira wa televisheni. Wiki mbili za hivyo, mpeleke kwa daktari wenu wa familia bila kungojea msimu uishe.

Upande wa kupanda juu ni mgumu zaidi kuugundua, na makocha wengi huukosa. Mtu aliye kwenye kipindi hicho cha baipola hupata usingizi wa saa tatu tu kwa usiku na haonekani kuchoka, anaongea haraka, ana mipango kumi, anafanya mazoezi mara mbili ya aliyopangiwa, na muda wake uwanjani unaweza kweli kuwa mzuri. Kocha anaiita fomu. Swali la kuuliza si "anakwenda kasi?" bali "analala?" Muda mzuri pamoja na usingizi wa kawaida ni fomu. Muda mzuri bila usingizi kwa siku nne tano, pamoja na matumizi ya pesa au maneno yasiyo ya kawaida yake, ni jambo la daktari. Na daktari aambiwe pande zote mbili, kupanda na kushuka, kwa sababu dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumpandisha zaidi.

Dawa hazimwondoi mtu kwenye mchezo. Lithiamu, mojawapo ya zinazotumika sana, haimo katika orodha ya zilizokatazwa michezoni. Ila ina masharti yanayomhusu mwanamichezo hasa: kiwango chake kwenye damu hupanda mtu akipoteza maji, na hupanda pia akitumia dawa za maumivu kama ibuprofeni, ambazo wapanda baiskeli humeza kama njugu. Anayeitumia anywe maji kwa kiasi kisichobadilika-badilika, apimwe damu kwa ratiba, na asiguse ibuprofeni bila kumuuliza daktari.

Yupo mtu wa kuongea naye usiku pia. Hapo Uskoti namba 111 ni ya ushauri wa afya, na Samaritans wanapatikana kwa 116 123 saa zote bila malipo. Kama hofu ni ya sasa hivi, ni 999. Na kama unashuku, muulize mwanao moja kwa moja, kwa Kiswahili au lugha anayoijua vizuri zaidi: unafikiria kujiua? Sisi huku kwetu tunaogopa neno hilo kana kwamba kulitamka ni kuliita. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hana, na aliye nalo mara nyingi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Kocha naye muulize maswali mawili. Mtoto akishindwa kufikia muda, anaambiwa nini mbele ya wenzake? Na je, kuna kijana aliyewahi kupumzishwa kwa ajili ya kichwa au akili, akarudi kundini bila kupoteza nafasi? Majibu ya hayo yatakueleza zaidi kuliko medali zilizotundikwa ukutani.

Obree yuko hai na hajaacha kuunda vitu. Septemba 2013 alikwenda Battle Mountain, Nevada, na chombo alichokiita Beastie, unachokipanda ukiwa umelala kifudifudi, kichwa mbele, kikiwa na vipande vya sufuria kuukuu ndani yake. Kilifika maili 56.62 kwa saa, yaani kilomita 91 hivi, kasi ya juu kuliko iliyokuwa imewahi kufikiwa katika mkao huo mpaka siku hiyo.

Mashine ya kufulia mwambie aiache. Kama mikono inamwasha, ampatie fundi wa baiskeli wa jirani Jumamosi zake, ajifunze kubadili beringi kwenye krenki za kawaida na kunyoosha gurudumu. Na kazi ya kwanza aifanye nyumbani leo: aweke alama ya chaki sakafuni chini ya gurudumu la nyuma, pedali moja ikiwa chini kabisa, arudishe baiskeli nyuma mpaka pedali ile ile ifike chini tena, apime umbali. Hiyo ndiyo gia yake kwa mita. Kwa umri wake kuna kikomo kinachowekwa na chama na hupimwa hivyo hivyo kabla ya mbio. Akizidi hata kwa sentimita, hapandi. Kikomo cha mwaka huu amuulize kocha, kwa sababu hubadilishwa.